Jiwe la Kufulia la Mwenyekiti

Jiwe lililotafutwa na kijiji kizima kwa miezi mitano lilipatikana Jumanne, saa nne asubuhi, uani kwa Mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikilitafuta. Aliyelipata ni mwanawe, fundi mwashi, na wala hakuwa akitafuta jiwe. Alikuwa anazibua mtaro. Mama yake, yaani Mwenyekiti mwenyewe, alimsumbua wiki mbili nzima kwamba maji ya sabuni yanamrudia miguuni badala ya kwenda zake, na fundi, kama mafundi wengi, alikuwa na muda wa mitaro ya watu wote isipokuwa ya kwao. Asubuhi hiyo visingizio vilimwishia. Akaingiza mtaimbo chini ya jiwe la kufulia, akalibinua, akachuchumaa kuangalia, akabaki amechuchumaa.

"Umevunja nini?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Njoo uone."

"Nina chungu motoni."

"Kiache kiungue."

Mkewe alitoka mbio. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kumsikia mwanamume yule akiruhusu chakula kiungue. Alikuta jiwe limelala chali, na upande ule ambao miaka yote ulikuwa umeitazama ardhi ulikuwa na herufi zilizochimbwa kwa patasi. MCHIMBA KISIMA. ALIYETUTOA KIU. Chini yake mwaka. Mwanamke alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu: miaka mia moja na kumi na minne. Alipaswa kupiga vigelegele. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Unacheka nini? Hili ni balaa," fundi alisema.

"Nacheka kwa sababu mimi ndiye Katibu. Na hili itabidi niliandike."

Mambo yalikuwa hivi. Halmashauri ilitaka kuyasawazisha makaburi ya zamani ya kijiji ili malori yanayopita barabara kuu yapate mahali pa kuegesha. Mifupa ingehamishiwa mjini, kwenye makaburi ya manispaa, ambako marehemu hupewa namba. Sheria ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea: makaburi yenye ushahidi wa kuzidi miaka mia moja hayaguswi. Wazee wote walikumbuka kwamba ushahidi ulikuwepo, jiwe la yule aliyechimba kisima cha kwanza, lenye mwaka wake. Lakini jiwe lilitoweka siku nyingi, na makaburi mengine yalikuwa matuta ya udongo na vijiti visivyosema kitu. Afisa wa mambo ya kale alikuwa anakuja Alhamisi.

Aliyekuwa na uchungu kuliko wote ni Mwenyekiti. Mumewe, aliyekuwa fundi kabla ya mwanawe, alizikwa pale miaka tisa iliyopita, na ubavuni mwake pana nafasi ya mtu mmoja. Nafasi hiyo Mwenyekiti aliifagia kila Jumanne kwa ufagio wake mwenyewe, kama mtu anayetandika kitanda. Hakuwa na ombi jingine duniani. Alishasema hadharani kwamba akizikwa pengine popote, atarudi kuwasumbua.

Alirudi saa tano, ufagio mkononi, akakuta mwanawe na mkamwana wamesimama mbele ya jiwe kama watoto waliovunja kikombe. Alisoma. Alisoma mara ya pili akifuata herufi kwa kidole. Kisha akaketi kwenye kizingiti, taratibu.

"Aliniambia amelichonga mwenyewe," alisema.

Hapo ndipo Katibu alipoacha kucheka. Hadithi ya jiwe lile aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Miaka thelathini na moja iliyopita, bibi huyu akiwa na watoto wadogo na mgongo mbovu, mumewe alimpa jiwe pana la kufulia ili asiiname. Alisema amekwenda machimboni, amelichonga siku nne kwa ajili yake. Tangu hapo hakuna bibi harusi aliyeolewa kijijini pale bila kupelekwa uani kuonyeshwa. "Mwanamume wa kweli hukuchongea jiwe," Mwenyekiti aliwaambia. Katibu naye alionyeshwa, na fundi wake, ambaye hajawahi kumchongea hata mwiko wa kusongea, alisemwa kwa jiwe hilo miaka kumi na miwili.

"Labda alilikuta limeanguka," fundi alisema.

"Labda. Na siku nne alikuwa wapi?" mama yake aliuliza.

Kisha alishtuka, akamgeukia mkamwana. "Mwanangu, lile daftari la muhtasari. Nilimlaani mwizi mara ngapi?"

"Mama, tuyaache hayo."

"Nimeuliza mara ngapi!"

Katibu alileta daftari. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na, kwa bahati mbaya, alikuwa mwaminifu. "Kikao cha kwanza: Mwenyekiti aliomba aliyeiba jiwe asipate usingizi. Kikao cha pili: mikono yake ikauke. Kikao cha tatu: mgongo wake upinde kama mundu..."

"Ulipinda kweli," fundi alisema.

"Ulipinda kwa kazi! Na ulipinda kabla sijaomba!" Bibi alijishika kichwa. "Endelea."

"Kikao cha nne: ardhi ikatae kumpokea. Wajumbe wote waliitikia."

"Basi. Funga daftari." Alifikiri, na alipoinua uso alikuwa Mwenyekiti tena. "Hapa hakuna aliyeona kitu. Jiwe litarudi mahali pake kesho mchana watu wakiwa mashambani, na keshokutwa sote tutashangaa. Mimi nitashangaa kuliko wote. Baba yenu hatatajwa. Sikubali achekwe na watu ambao misingi ya nyumba zao aliichimba yeye."

"Na daftari niandike nini?" Katibu aliuliza.

"Andika jiwe limepatikana. Ni kweli au si kweli?"

*

Jumatano saa saba mchana jiwe lilipakiwa kwenye toroli, likafunikwa kwa kilichokuwepo, yaani shuka nne, foronya na suruali za kazi, vyote vibichi kutoka kwenye beseni. Fundi alisukuma. Mama yake alitangulia akiwa amejitwisha beseni tupu, kwa uso wa mtu asiye na habari. Toroli lilikuwa na gurudumu moja bovu, likilia kila mzunguko, na barabara yote ilikuwa tupu isipokuwa baraza ya Mshonaji.

Mshonaji alikuwa Mweka hazina wa kamati isiyo na hazina. Uenyekiti aliukosa kwa kura mbili, na tangu hapo alikuwa na heshima kubwa kwa Mwenyekiti, ile heshima inayohesabu makosa. Alivua miwani, akaangalia nguo, akaangalia gurudumu lilivyozama kwenye vumbi.

"Mama Mwenyekiti, shikamoo. Nguo nzito hizo."

"Marahaba. Zimelowa."

"Mnazipeleka wapi?"

Mbele yao njia ilikuwa na mwisho mmoja tu. "Kule makaburini," bibi alisema. "Kuna upepo."

Mshonaji alikaribia kumeza pini aliyoibana kwa midomo. Amri ya kwanza kabisa ya kamati, iliyotungwa na Mwenyekiti mwenyewe na kubandikwa kwenye lango la makaburi, ilikuwa: NI MARUFUKU KUANIKA NGUO KWENYE UA HUU. Mwezi uliopita tu Mwenyekiti alimshushia mama mmoja kanga aliyoianika pale, mbele za watu, akampa somo la nusu saa juu ya adabu kwa waliolala.

"Basi nije niwasaidie kuanika," Mshonaji alisema, akasimama.

"Kaa, mwanangu, ushone. Watu wanasubiri nguo zao."

Alikaa, lakini alikaa akitazama. Kwa hiyo Mwenyekiti, mwanamke wa miaka sitini na minane, alilazimika kuanika kweli. Alitandaza shuka juu ya ua wa makaburi, moja baada ya nyingine, akizipangusa kwa mkono na kuzinyoosha pembe. Suruali za kazi za mwanawe alizitundika karibu kabisa na lile bango. Kuna aibu zinazokuja kwa kishindo, na kuna hizi nyingine ambazo mtu unajitundikia mwenyewe.

Nyuma ya shuka hizo fundi alifanya kazi. Alijua kaburi la Mchimba Kisima lilipo, karibu na mti uliokatika, na kazi ilitakiwa iwe nyepesi: chimba kidogo, simamisha jiwe, shindilia udongo, ondoka. Lakini fundi huyu hakuwahi katika maisha yake kuacha kitu kimesimama upande. Alichukua pima maji. Jiwe lilikuwa limeinama unene wa kidole. Akasema aweke saruji kidogo tu, ile aliyobakiza ya mtaro. Saruji ikishawekwa haiachwi na matuta, hivyo akailainisha. Ikishalainishwa hutiwa kingo. Na mwisho, kama alivyofundishwa na baba yake, na kama alivyofanya kwenye kila kizingiti cha kijiji kile, alibonyeza kidole gumba kwenye kona ya kulia. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mwingine anavyofunga mlango akitoka.

*

Afisa alifika Alhamisi saa tatu, kijana mpole aliyevaa viatu vilivyong'aa, na mfuko wenye brashi, lenzi na fomu ya nakala tatu. Kamati na nusu ya kijiji walimsindikiza. Walipofika langoni walisimama.

Habari ilikuwa imesambaa tangu jana kwamba amri imefutwa. Ua wote wa makaburi, pande zote nne, ulikuwa umejaa nguo. Kulikuwa na vitenge, sare za shule, neti za mbu, taulo, na soksi zilizopangwa mbili mbili. Wanawake wa kijiji walikuwa wamengoja ruhusa hiyo muda mrefu.

"Huu ni utaratibu wenu wa kuhifadhi?" Afisa aliuliza.

"Ni wa muda," alisema Mwenyekiti, na kumtupia Mshonaji jicho. Mshonaji alikuwa anatazama mawingu, ambayo siku hiyo hayakuwepo.

Mbele ya jiwe, Mwenyekiti alishangaa kama alivyoahidi. Alishika kifua, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Haa! Jamani! Si ndilo hili?" Katibu aliinamisha uso ndani ya daftari asicheke. Watu walishangilia, mzee mmoja akaanza kulia kwa kweli, na kwa dakika nzima ilionekana kama uongo ule utapita salama.

Kisha Afisa alipiga magoti. Alisoma kwa lenzi. Alipapasa kingo. Aligusa saruji kwa ukucha, na ukucha ukaingia.

"Saruji hii ni ya jana," alisema.

Mshonaji alisogea mbele, akainama, akaona kona ya kulia. "Na kidole hicho tunakijua," alisema. "Kipo kwenye kizingiti changu." Wengine nao waliinama mmoja mmoja, kila mtu akaona kidole cha kizingiti chake. Fundi alitazama mkono wake kana kwamba umemsaliti.

Afisa alisimama, akajipangusa magoti. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nawaelewa. Si kijiji cha kwanza. Mtu anatafuta jiwe la zamani, anachonga mwaka anaoutaka, analisimamisha kabla sijafika. Mimi siwezi kulipokea. Nitaandika kwamba ushahidi umetengenezwa, na halmashauri itaendelea na mpango wake." Akatoa kalamu.

Fundi alimtazama mama yake. Yeye alijua kitu ambacho wengine hawakukijua. Jana mama alimwagiza avunje ile saruji ya zamani iliyokuwa chini ya jiwe pale uani, naye alinyanyua nyundo akashindwa, kwa kuwa ilikuwa kazi ya baba yake na haikuwa na ufa hata mmoja. Alikuwa ameifunika kwa mkeka. Lakini kusema haikuwa kazi yake. Alimnong'oneza tu, "Mama, ile saruji ipo. Sikuivunja."

Bibi alielewa palepale. Alitazama kaburi la mumewe, hatua thelathini kutoka pale, na nafasi iliyofagiliwa ubavuni mwake. Alitazama kalamu ya Afisa. Miezi mitano alikuwa amemwita mwizi wa jiwe lile kila jina baya analolijua, na sasa ilimpasa kuongeza jina jingine moja.

"Mwanangu, ngoja usiandike," alisema. "Jiwe ni la kweli. Limerudishwa jana, ndiyo. Lilikuwa kwangu. Alilichukua mume wangu."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa, kisha wakacheka watatu. Mshonaji alisema kwa sauti ya upole mno, "Mama Mwenyekiti, yaani yule wa mikono ikauke?"

"Huyohuyo," alisema bibi. "Na wewe, sare yako ya shule imefuliwa juu ya jiwe hili darasa la kwanza mpaka la saba, mama yako alipokuwa hana pa kufulia. Mama zenu wote mnaocheka wamefulia kwangu. Hakuna mwenye nguo safi hapa. Twendeni."

*

Waliingia uani kwa Mwenyekiti watu arobaini, mahali pa kutosha watu kumi. Kuku walipanda juu ya paa la jiko. Fundi aliondoa mkeka.

Marehemu alikuwa amelilaza jiwe kifudifudi juu ya saruji mbichi, ili upande laini uwe juu na maandishi yasionekane. Saruji ilikuwa imeingia ndani ya kila herufi, ikaganda. Pale chini palikuwa na mistari mitatu iliyoinuka, imegeuzwa kinyume, myeusi kwa sabuni ya miaka. Katibu alikimbia chumbani akaleta kioo chake cha kujitazamia. Afisa alikishika juu ya saruji, na ndani ya kioo yakasomeka yote: mchimba kisima, aliyetutoa kiu, na mwaka. Kwenye kona ya kulia kulikuwa na kidole gumba, kipana kuliko cha mwanawe.

Afisa alikwangua saruji kwa kisu. Haikutoka hata chembe. Aliuliza jiwe limekaa pale tangu lini, na wanawake kumi na mmoja walijibu kwa pamoja, kila mmoja akitaja mtoto aliyekuwa akimnyonyesha wakati huo. Kioo kilizunguka mkono kwa mkono. Mshonaji aliomba zamu mara mbili, na mara ya pili hakuwa anacheka. Alisema mama yake alikuwa na kawaida ya kuimba akifua pale, na alikuwa amesahau.

"Huu sasa ni ushahidi," Afisa alisema. Akaitandaza fomu juu ya pipa. "Mwizi, samahani, aliyelichukua, niandike nani?"

"Mume wangu. Fundi mwashi. Andika pia alisema amelichonga."

"Hilo si lazima, Mama."

"Andika."

Aliandika. Kisha akageuza ukurasa, akasita. "Kuna jambo moja lazima nilisome kabla hujatia sahihi. Makaburi yakishaingia kwenye orodha yanafungwa. Hayachimbwi tena, si kwa malori wala kwa maiti."

"Maiti gani?"

"Yeyote, Mama. Hakuna mazishi mapya."

Kila mtu alijua habari za ufagio wa Jumanne. Katibu alimsogelea mama mkwe akamshika kiwiko.

"Hata kama mtu ana nafasi yake tayari?" bibi aliuliza. "Imefagiliwa."

"Kila mtu ana nafasi yake, Mama. Nasikitika kweli."

"Tukate rufaa," Mshonaji alisema, na safari hii alimaanisha. "Mama Mwenyekiti, tusitie sahihi leo. Tuombe mwezi mmoja."

"Halmashauri inakaa lini?" bibi alimwuliza Afisa.

"Kesho."

Nisingependa kusema uongo kwamba bibi alikuwa jasiri. Alikuwa mwanamke mzee aliyenyang'anywa vitu viwili ndani ya siku tatu, jiwe lake na kitanda chake, mbele ya majirani wote. Akachukua kalamu. Aliikandamiza kwa nguvu ili sahihi ifike mpaka nakala ya tatu.

Watu walipiga makofi, lakini bila raha, na wakatawanyika mapema kwenda kuanua nguo zao.

Jioni jua likiwa bado lipo, fundi na mkewe walimkuta makaburini. Alikuwa ameketi chini pale ubavuni pa mumewe, kwenye nafasi yake, miguu ameinyoosha, ametulia kama mtu anayejaribu godoro dukani.

"Mama, twende nyumbani," fundi alisema. "Chakula kiko tayari."

"Nendeni mle."

"Utabaki peke yako?"

"Peke yangu wapi? Huyu hapa." Alionyesha kaburi kwa kidevu. "Nilikuwa nimepanga kumsema tukishalala wote hapa, tukiwa na muda. Sasa muda huo sitaupata. Itabidi nimseme leo."

Fundi alitaka kujibu, mkewe akamvuta mkono. Waliondoka taratibu. Walipofika langoni walisikia sauti yake imeanza, na alikuwa ameanzia mbali, tangu siku ya kwanza walipoonana.